Dizeli ya Desemba, foleni ya Jumatatu: uchambuzi wa kisa cha familia iliyonunua SUV mpya

Kisa hiki ni cha familia moja ya Dar es Salaam. Wahusika wameniruhusu kukieleza kwa sharti kwamba majina yao, aina ya gari, yadi na gereji visitajwe. Fedha na kilomita zimekadiriwa kwa namba za kufuatika kwa urahisi. Nimekichagua kwa sababu swali la petroli au dizeli huulizwa karibu kila siku, na jibu linalotolewa haraka mara nyingi ni la gari la miaka ya tisini.

Usuli

Baba K ni mkandarasi wa majengo. Wakati wa kununua gari, kazi zake zote zilikuwa ndani ya jiji na alitembelea gari dogo la petroli la cc 1,500. Mama K ni mhasibu, ofisi yake iko katikati ya jiji. Wana watoto wawili, na shule yao iko njiani kati ya nyumbani na ofisini kwa Mama K. Ukweni kwa Mama K ni mkoa wa Njombe, na familia nzima huenda huko Pasaka, likizo ya Juni na Desemba.

SUV mpya ilikuwa ya Mama K kwa siku za kazi na ya wote kwa safari. Siku ya kawaida ya kazi ilikuwa hivi: nyumbani hadi shuleni kilomita 5, injini inazimwa watoto wakishuka, kisha kilomita 10 hadi ofisini kwa mwendo wa kuvuta na kusimama. Jioni ni vilevile. Ukizidisha kwa siku za kazi unapata kama kilomita 7,500 kwa mwaka. Safari tatu za Njombe, kwenda na kurudi pamoja na mizunguko ya huko, ziliongeza kilomita 4,500. Jumla 12,000.

Bajeti iliwaacha na chaguo mbili. Yadi moja iliwapa gari la viti saba lenye injini ya petroli isiyo na turbo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) kwa shilingi milioni 168. Yadi nyingine, inayoagiza magari mapya kutoka nje bila kupitia wakala rasmi, ilikuwa na dizeli ya turbo ya umbo lilelile kwa milioni 185. Injini zote zilizidi cc 2,000. Ushuru wa bidhaa hupangwa kwa ujazo wa injini na si kwa aina ya mafuta, hivyo zote ziliangukia kundi moja la asilimia 10. Tofauti ya milioni 17 ilitoka kwenye bei ya gari lenyewe na kodi zinazopanda nayo.

Mazungumzo ya mezani

Baba K alitaka dizeli tangu mwanzo, na hoja zake zilikuwa na uzito. Dizeli inavuta ikiwa mzunguko wa injini bado uko chini, hivyo gari lililojaa watu na mizigo linapanda mlima Kitonga, njiani kwenda Iringa, bila kuungurumishwa. Inakula kidogo. Ukija kuuza, watu wa mikoani wanaigombea. Na mwisho wa yote, alisema, dizeli haifi.

Mama K alikuwa na sentensi moja: "Baba K, hilo gari nitaliendesha mimi, na mimi Kitonga naiona mara tatu kwa mwaka."

Akajibiwa: "Sawa Mama K, lakini hata kwenye foleni dizeli inakula kidogo kuliko petroli."

Jibu hilo ni kweli kabisa, na ndilo lililofunga mjadala. Hakuna aliyekaa na kalamu kuuliza ni kidogo kiasi gani, wala gari lile la dizeli lilitengenezwa kwa ajili ya barabara za nani. Rafiki wa familia mwenye Land Cruiser ya zamani, ile mkonga, aliwahakikishia kwamba lake lina miaka zaidi ya ishirini na injini haijafunguliwa. Wakanunua dizeli.

Miezi ya mwanzo

Desemba ya kwanza ilimpa Baba K haki yake yote. Walipita Mikumi, wakashuka hadi Ruaha Mbuyuni, wakapanda Kitonga nyuma ya msururu wa malori na kuyapita kwa utulivu pale palipo wazi. Iringa iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Njombe inazidi hapo. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, maana hewa inakuwa nyepesi. Njombe mjini ingekuwa imebaki na kama nne ya tano ya nguvu zake. Turbo inasukuma hewa ndani na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Gari lilikula kama lita 8.5 kwa kilomita 100, na shemeji zake Mama K walilizunguka na kulisifia.

Kisha ikaja Januari na shule zikafunguliwa.

Mama K alianza kuona vitu vidogo. Siku nyingine feni ya mbele iliendelea kuvuma kwa nguvu baada ya kuzima injini shuleni. Siku nyingine gari likiwa limesimama lilinguruma juu kidogo kuliko kawaida, na palikuwa na harufu ya kitu kilichoungua. Akadhani ni tabia ya dizeli. Mwezi wa tano tangu kununua, taa ya njano yenye alama ya kijisanduku chenye vidoti iliwaka kwenye dashibodi. Jumamosi hiyo walikwenda Bagamoyo kwenye harusi, na taa ikazima yenyewe njiani. Hakuna aliyeuliza tena.

Sevisi ilifanywa na fundi wa mtaani, mtu mwaminifu anayeifahamu familia kwa miaka mingi. Alipochomoa kijiti cha oili alikuta oili imepita alama ya juu na inanuka dizeli. Alihisi noozeli, yaani kinyunyizio cha mafuta, inavuja, akaipima, akakuta nzima. Akamwaga oili na kuweka nzito ya malori, iliyoandikwa dizeli kwenye dumu. Alifanya kile ambacho dizeli alizozizoea zilimfundisha.

Wiki chache baadaye, asubuhi karibu na Mwenge, taa tatu ziliwaka kwa pamoja na gari likakosa nguvu. Ukikanyaga, halipandi mwendo. Mama K alilisogeza pembeni na kupiga simu.

Uamuzi gereji

Hapo ndipo nilipoitwa. Gari lilipochomekwa kompyuta, jibu lilikuwa wazi: filta ya masizi, ambayo mafundi huiita DPF, ilikuwa imejaa kupita kiwango ambacho gari linaweza kujisafisha lenyewe. Injini ilikuwa imejiwekea kikomo cha nguvu ili isijiumize.

Walipewa njia tatu. Ya kwanza, kuyachoma kwa lazima masizi yaliyo ndani ya filta kwa kutumia kompyuta, kubadilisha oili na filta yake: kama shilingi 900,000, bila ahadi kwamba tatizo halitarudi. Ya pili, kutoboa filta na kufuta kumbukumbu yake kwenye kompyuta ya gari: milioni 1.2, na taa haitawaka tena. Ya tatu, filta mpya kutoka nje: mamilioni kadhaa na wiki za kusubiri.

Baba K alielekea kwenye kutoboa. "Fundi, wenzetu wote wanatoboa, na magari yanakwenda."

Mama K alikataa, na sababu yake ilikuwa moja. Gari hili linasimama kila asubuhi mlangoni pa shule, kati ya watoto. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 2012. Filta ile ndiyo inayozuia masizi yasifike kwenye mapafu ya watoto. Nilimuunga mkono, na ningemuunga mkono hata kama kutoboa kungekuwa bure. Mtu anaweza kutoboa na asiulizwe na yeyote barabarani, lakini kinachotoka nyuma ya gari hakipungui kwa sababu hakuna anayeuliza.

Wakachagua njia ya kwanza. Safari hii oili iliyowekwa ilikuwa ile yenye majivu machache inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Wakashauriwa pia kwamba kila wiki gari litoke nje ya foleni likimbie kwa mwendo usiokatika kwa nusu saa hivi.

Matokeo

Nusu saa ile ya kila wiki ilifuatwa kwa mwezi mmoja na kidogo, kisha ikaanza kurukwa. Mtu aliyechoka na foleni siku tano hatamani kuingia barabarani Jumapili ili kulisafisha gari. Taa ya njano ikarudi.

Suluhisho lilikuja kutoka upande ambao hakuna aliyeutazama. Baba K alipata kazi mbili nje ya jiji, moja Chalinze na nyingine Morogoro. Wakabadilishana magari. Baba K akachukua SUV kwa safari za kilomita mia na zaidi, mara kadhaa kwa wiki. Mama K akarudi kwenye gari dogo la petroli, ambalo kwenye foleni linakula chini ya magari yote mawili waliyokuwa wakiyapigia hesabu.

Tangu wabadilishane imepita zaidi ya mwaka. Taa haijawaka, oili haipandi kwenye kijiti, na ulaji wa mafuta umerudi kwenye namba za Desemba. Hakuna spea iliyobadilishwa. Dereva na njia ndivyo vilivyobadilika.

Uchambuzi: hesabu ambayo ingefanyika kabla

Nianze na fedha, kwa sababu ndizo zilizotajwa sana na kupigiwa hesabu kidogo. Nimechukua shilingi 3,000 kwa lita kwa mafuta yote mawili. Bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hubadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, lakini petroli na dizeli hapa kwetu hutembea karibukaribu.

Petroli ile ingekula kama lita 15 kwa kilomita 100 mjini na 11 safarini. Kwa matumizi ya familia hii ni lita 1,620 kwa mwaka, yaani shilingi 4,860,000. Dizeli, kwa lita 11 mjini na 8.5 safarini, ni karibu lita 1,208, yaani 3,622,500. Akiba ni shilingi 1,237,500 kwa mwaka. Gawanya milioni 17 kwa akiba hiyo: karibu miaka 14 kabla tofauti ya bei haijarudi, ukisahau bili ya gereji.

Badilisha mtu. Chukua mfanyabiashara anayekimbia kilomita 40,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za barabara kuu. Akiba yake inazidi kidogo milioni 3 kwa mwaka, na tofauti inarudi ndani ya miaka sita hivi. Huyo dizeli inamlipa, na bado si haraka kama watu wanavyodhani.

Hoja ya kuuza baadaye ni ya kweli pia: dizeli yenye turbo hushika bei, hasa kwa wanunuzi wa mikoani. Lakini mnunuzi wa aina hiyo siku hizi anakuja na fundi mwenye kompyuta, na historia ya filta iliyojaa au kutobolewa inasomeka.

Uchambuzi: dizeli ipi

Kosa kubwa la ununuzi huu, kwa maoni yangu, halikuwa kuchagua dizeli. Lilikuwa kuichukulia dizeli kuwa kitu kimoja.

Sifa ya "dizeli haifi" tumeirithi kutoka kwa injini kama 1HZ ya Toyota, iliyotoka mwaka 1990: lita 4.2, silinda sita, haina turbo, pampu yake ni ya kimakanika. Ilibeba Land Cruiser za hospitali, misheni na hifadhi hadi vijiji ambavyo gari jingine halikufika. Ilikuwa haina filta ya masizi wala kompyuta ya kuilinda. Rafiki wa familia alisema ukweli kuhusu gari lake. Ukweli huo haukuhusu gari lililokuwa linanunuliwa.

Gari la yadi lilikuwa limetengenezwa kwa soko la Ulaya. Lilikuja na filta ya masizi na tangi la AdBlue, yale maji ya urea yanayopunguza gesi za naitrojeni kwenye moshi. Ulaya dizeli ya magari ya barabarani imewekewa kikomo cha sehemu 10 za salfa kwa milioni tangu 2009. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu sehemu 50. Hilo peke yake halikuliua gari hili, lakini linaonyesha kwamba waliolibuni walikuwa na mafuta mengine na barabara nyingine akilini. Magari mengi ya dizeli yanayotengenezwa kwa ajili ya masoko yetu huja bila filta hiyo, na kwa foleni ya Mama K lolote kati ya hayo lisingewaka taa ile. Sisemi hili ni bora kwa watoto wa mlangoni pa shule. Kwao petroli ndiyo ingekuwa bora.

Filta inafanyaje kazi? Inanasa masizi, kisha kila baada ya kilomita mia kadhaa inayachoma. Ili yaungue, joto la moshi linatakiwa lifike karibu nyuzi 600. Injini inayovuta na kusimama haifiki hata nusu ya hapo, kwa hiyo kompyuta inaongeza dizeli kidogo ili kupandisha joto. Kazi hiyo inahitaji dakika 10 hadi 20 za mwendo usiokatika. Mama K alikuwa anazima injini shuleni katikati ya shughuli. Feni iliyovuma, mngurumo ulioinuka, harufu ya kuungua: gari lilikuwa linaomba dakika chache zaidi. Dizeli iliyoongezwa na isiyoungua ilichuruzika kando ya pistoni hadi kwenye oili, ndiyo maana kijiti kilionyesha oili imepanda. Oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi na hailindi vyuma, na hii ndiyo hatari iliyonitia wasiwasi kuliko taa. Oili nzito ya malori nayo iliongeza majivu ndani ya filta, na majivu hayaungui kama masizi. Yanabaki humo hadi filta itolewe kusafishwa.

Nisieleweke kwamba barabara kuu ni kinga ya kila gari. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilitoa hukumu kuhusu Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020, na hitilafu iliyothibitishwa kwenye mfumo wa filta ilijitokeza hasa magari yalipokimbizwa mfululizo kwa mwendo wa kama kilomita 100 kwa saa. Ndiyo maana mnunuzi anatakiwa aulize kuhusu gari lilelile analotaka kununua, la mwaka uleule, badala ya kuuliza kuhusu "dizeli".

Kilichofanya kazi, na kisichofanya

Kukataa kutoboa kulifanya kazi. Gari lingetobolewa, wasingewahi kujua kwamba lilikuwa zima na lilikosa njia ndefu tu. Kubadilishana magari kulifanya kazi kuliko yote, ingawa kulitokana na bahati ya zabuni mbili.

Ushauri wa nusu saa kila wiki haukufanya kazi, na nadhani hauwafanyii kazi watu wengi. Ukimpa mtu gari linalohitaji safari asiyokuwa nayo, umempa kazi ya ziada. Mapema zaidi, kilichokosekana ni kusikiliza sentensi ya Mama K. Yeye peke yake alizungumzia Jumatatu. Wengine wote walizungumzia Desemba. Na chaguo la tatu halikufika mezani kabisa: petroli ndogo yenye turbo, ambayo haishindwi sana na milima ya Iringa, au haibridi ya petroli, yaani inayosaidiwa na mota ya umeme, ambayo kwenye foleni ndipo inapookoa mafuta kuliko popote.

Fundi wa mtaani simlaumu. Aliona oili imepanda na akaitambua harufu. Nusu ya uchunguzi aliimaliza kwa pua. Alichokosa ni kitabu cha gari, ambacho kilikuwa ndani ya droo kwa lugha ambayo hakuna nyumbani anayeisoma. Kitabu cha Kiingereza cha gari lilelile kilipatikana kwa urahisi kwenye tovuti ya mtengenezaji, na ukurasa wa taa ile ulikuwa na sentensi nne.

Kaka yake Baba K, anayelima viazi huko Njombe, sasa anataka gari la aina hiyohiyo. Yeye hana foleni, ana mlima na mzigo, na kila safari yake ni ndefu. Yeye nimemwambia achukue dizeli, ila ile iliyotengenezwa kwa masoko kama yetu, na kijiti cha oili akiangalie kila anapojaza tangi.